Kuuguza

Shangazi alipopiga simu kuuliza hali ya kaka yake, nilimjibu kwa maneno ambayo mwezi ule yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Nilisema Baba ana changamoto ya upumuaji. Ilikuwa Februari 2021. Sisi tulikuwa Dar es Salaam, yeye alikuwa Muheza, alikokuwa akiishi na Bibi, mama yao. Alinyamaza kidogo, akauliza kama Baba anakula. Nikasema anakula kidogo. Akasema, "Basi nakuja."

Nilijua Baba anaumwa nini. Hatukuwa tumempima, kwa hiyo anayetaka kunitetea anaweza kusema sikujua, nilihisi tu. Lakini siku mbili kabla ya simu ile, Mama aliunguza vitunguu jikoni, harufu ikajaa nyumba nzima, na Baba, aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka mlango wa jikoni, akauliza kwa nini tunahangaika na madirisha. Hakusikia harufu yoyote. Homa ilikuwa inaingia siku ya nne. Wazee wawili aliokuwa akicheza nao bao jioni walikuwa wamezikwa ndani ya siku kumi. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba mvua inakuja.

Kwa aliyekuwa bado mdogo wakati ule, inafaa kukumbusha hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu ziliacha kutolewa, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Juni, Rais Magufuli alitangaza kwamba nchi imeushinda ugonjwa kwa maombi. Ugonjwa wenyewe haukuondoka, ila jina lake liliondoka. Mwanzoni mwa Februari 2021 viongozi wa afya walisimama mbele ya kamera kuonyesha namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili, na mitaani watu wakawa wanakufa kwa nimonia, kwa presha, kwa changamoto ya upumuaji. Chama cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimesema wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Alifariki Februari 17. Nakumbuka kilichotushangaza nyumbani. Kuugua kwake hakukutushangaza, maana wengi walikuwa wanaugua. Tulishangaa kwamba kuna watu wamelitaja jina.

Ni rahisi kuandika insha ambayo ndani yake wakubwa ndio waliodanganya, nami nikabaki mtoto wa watu aliyerudia alichosikia. Lakini hakuna kiongozi aliyekuwa kwenye simu kati yangu na shangazi yangu. Sentensi ile niliisema mimi.

*

Nyumbani tulikuwa tumejiandaa, au tulidhani tumejiandaa. Sufuria kubwa ya Mama, ile ya pilau ya sikukuu, ilikuwa imegeuzwa ya nyungu: majani ya mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, maganda ya ndimu. Asubuhi na jioni Baba alifunikwa blanketi, akatoka jasho, akasema kifua kimefunguka. Baada ya nusu saa kilifunga tena. Tulikuwa na panadol, asali, tangawizi, na vidonge vya antibayotiki alivyobakiza jirani. Tulikuwa na kila kitu ambacho unaweza kumpa mgonjwa bila kuuliza anaumwa nini.

Mvuke humpa mtu nafuu ya muda puani. Hauui kirusi, na sufuria ya maji yanayochemka mbele ya magoti ya mzee anayetetemeka inaweza kumuunguza vibaya. Antibayotiki nazo haziui virusi. Jambo ambalo lingekuwa na maana hatukulifanya. Dirisha lilifungwa ili mgonjwa asipigwe na baridi, feni ikazimwa kwa sababu hiyo hiyo, na sisi tukawa tunapokezana kukaa chumbani, watatu, wanne kwa pamoja, kwa sababu kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ugonjwa ule ulikuwa unapita kwa hewa, na hewa ile tuliifungia ndani.

Shangazi alifika jioni ya siku iliyofuata na kiroba cha machungwa na fungu la mchaichai kutoka shambani kwake. Alikuwa na miaka 61. Aliweka mizigo, akanawa miguu, akatandika mkeka pembeni ya kitanda cha Baba na kutuambia tukalale. Usiku tatu alilala pale. Alimpangusa jasho. Alimshikia ndoo. Kila Baba alipozidiwa na kikohozi, alimwinua na kumwegemeza begani kwake, uso kwa uso. Barakoa zilikuwa kwenye droo ya kabati la vyombo. Sikumpa, kwa sababu kumpa barakoa kungekuwa ni kumwambia.

Siku ya tatu tangu afike, binamu yangu anayefanya kazi kwenye duka la dawa alituletea kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kilisoma 86. Baba alikuwa ameketi, anaongea, analalamika kwamba uji hauna sukari ya kutosha. Hatukuelewa mtu mwenye namba ile anapata wapi nguvu ya kulalamikia uji. Binamu alieleza kwamba ugonjwa huu una tabia hiyo: oksijeni inaweza kushuka kwenye damu kabla mtu hajahisi kwamba pumzi inamkata. Alisema chini ya 90 si ya kukaa nayo nyumbani. Baba alikataa kwenda hospitali. Alisema wanaopelekwa hawarudi, na mwezi ule hatukuwa na mifano mingi ya kumpinga. Tulibishana hadi usiku wa manane. Asubuhi namba ilikuwa 82 na midomo yake imebadilika rangi, tukambeba.

Alilazwa siku tisa kwenye oksijeni. Alirudi. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa nimonia, na haikuwa uongo, maana mapafu yake yalikuwa na nimonia kweli. Lakini kuna uongo, na kuna ukweli uliokatwa pale pale ambapo mwenzako angeuhitaji.

Shangazi alirudi Muheza mara tu Baba alipolazwa, kwa sababu Bibi alikuwa ameachiwa binti wa jirani. Siku tatu baadaye alianza kukohoa. Bibi alifuata baada ya wiki moja. Alikuwa na miaka 84 na presha ya miaka mingi. Alifariki nyumbani alfajiri moja ya Machi, wakati Baba hajapata hata nguvu ya kupanda basi kwenda kumzika mama yake. Kwenye msiba walisema presha.

Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo siwezi kuthibitisha lolote. Bibi alikuwa anatembelewa na watu wengi, na yeyote kati yao angeweza kumletea. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, kama karani anayepekua daftari akitumaini kwamba kosa litaonekana kwenye ukurasa wa mwenzake.

Baada ya arobaini nilikwenda Muheza nikamwambia Shangazi kwamba siku ile kwenye simu nilijua. Alikuwa ameshika ungo, anachagua mchele. Hakuonekana kushangaa sana.

"Kwani ulidhani ningeacha kuja?" aliniuliza.

"Hapana, Shangazi."

"Ningekuja tu. Ni kaka yangu. Ila nikirudi nisingelala chumba kimoja na Mama."

Akaendelea kuchagua mchele.

*

Tangu siku ile nimejitetea kwa hoja tatu, na nitaziweka hapa jinsi zilivyo, kwa sababu sidhani ni mimi peke yangu niliyezitumia.

Ya kwanza ni kwamba sikuwa na uhakika. Ni kweli. Lakini kutokuwa na uhakika si sababu ya kunyamaza. Ni sababu ya kusema kiasi unachojua. Anayehofia kwamba kisima kimeingia sumu hasubiri majibu ya maabara ndipo amwonye jirani anayekuja na ndoo. Anasema, "Sina hakika, lakini mimi leo siyanywi." Sentensi ya namna hiyo ilikuwepo nami ningeweza kuisema: hatujapima, ila naogopa ni korona. Ni maneno machache sana, na ningeyasema hata kama salio la simu lilikuwa linaisha.

Ya pili ni nzito zaidi. Baba alisema, "Msinitangaze kwa watu." Mwili ni wake, ugonjwa ni wake, na mgonjwa ana haki ya siri yake. Sisi tuliozaliwa baada ya Ukimwi kuingia tumekua tukiona jina la ugonjwa linavyoweza kumfukuzisha mtu kwenye chumba cha kupanga na hata kwenye sahani ya pamoja. Kwa hiyo siichukulii hoja hii kwa wepesi. Mtu akiniambia ana kidonda mguuni na hataki kijulikane, nitakaa na siri yake hadi kaburini, maana mguu ni wa mwenye mguu. Lakini hewa ya chumba haina mmiliki mmoja. Anayeingia chumbani anaitumia, na anaondoka nayo kifuani. Nadhani siri ya mgonjwa wa kifua inaishia hapo, kwa yule anayekuja kuvuta hewa ile. Mtaa mzima hauna haki ya kujua. Shangazi alikuwa nayo.

Na ukiangalia vizuri, hata siri ya Baba haikuhitaji kuvunjwa. Ningeweza kusema, "Shangazi, ni ugonjwa wa kuambukiza. Nitakupa barakoa, tutafungua dirisha, na ukirudi usimkaribie Bibi kwa wiki mbili." Jina la korona lisingetajwa popote. Palikuwa na njia ya kulinda heshima ya Baba na kifua cha Bibi kwa pamoja. Sikuikosa. Sikuitafuta, kwa sababu nilichokuwa nakilinda hasa ni urahisi wa mazungumzo ya simu.

Ya tatu ndiyo iliyonishika kwa muda mrefu: angekuja hata ningemwambia. Yeye mwenyewe amekiri. Kama ukweli usingebadilisha uamuzi wake, kuuficha kumemdhuru nini?

Jibu la kwanza alilitoa yeye akiwa na ungo mkononi. Anayejua na asiyejua wanaweza kufanya jambo lile lile, wakalifanya tofauti kabisa. Wote wawili wangepanda basi, wangetandika mkeka pale pale. Tofauti ingekuwa kwenye barakoa, kwenye dirisha, na kwenye chumba cha kulala cha Muheza.

Lakini tuseme Bibi hakuwepo. Tuseme Shangazi alikuwa anaishi peke yake na hakuna tahadhari ambayo angeichukua. Bado nadhani ningekuwa nimemnyang'anya kitu. Mtu anayejua kwamba chumba kina hatari, akaingia kumfuta ndugu yake jasho, ametoa kitu chake. Anayeingia bila kujua hakutoa. Amechukuliwa. Shangazi alikuwa na ujasiri wa kutosha kuja, na mimi nikamfanya aje bila kuutumia. Kwa miaka yote nitakayosimulia jinsi alivyomuuguza Baba, nitalazimika kuongeza kwamba hakuwa ameambiwa.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya nafasi ya bahati katika maadili. Swali lao linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanda daladala: madereva wawili wanaendesha kwa uzembe ule ule, mbele ya mmoja mtoto anakatiza barabara, mbele ya mwingine hakatizi mtu. Mmoja atabeba jina la muuaji, mwingine atakwenda kulala. Je, kweli wamekosa tofauti?

Najua nyumba kadhaa ambazo Februari ile zilisema sentensi ile ile niliyosema mimi. Shangazi zao walikuja, wakarudi, na bibi zao wapo hadi leo. Kuna wakati nilitaka mtu aniambie kwamba mimi nilikosa bahati tu. Siku hizi naliona jambo hili hivi: kosa letu ni moja, na wala halikuanza Bibi alipofariki. Lilikamilika nilipokata simu, kabla Shangazi hajakata tiketi. Kama Bibi angepona, ningekuwa na kosa lile lile ila bila mtu wa kunikumbusha. Anayesoma haya akiwa kwenye zile nyumba nyingine asijione yuko mbali nami.

*

Lugha yetu ina neno ambalo nilikuwa nalitumia bila kulitazama. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza, kwa matumizi, ni kumhudumia aliye mgonjwa, ndiyo maana tunasema "pole kwa kuuguza." Lakini kwa umbo lake ni kitenzi cha kusababisha, sawa na kupungua na kupunguza, kuungua na kuunguza. Ukilisoma kwa umbo tu, kuuguza ni kumfanya mtu augue. Sijui waliotutangulia walilitengeneza vipi neno hili, wala sitaki kulibebesha falsafa ambayo halikuiomba. Nasema tu kwamba Februari ile, nyumbani kwetu, maana zote mbili zilikaa chumba kimoja.

Kwa hiyo ninapofikiria kujiandaa, sianzii tena kwenye sufuria. Nyumbani kwetu sasa kuna boksi la plastiki juu ya kabati. Ndani yake mna barakoa, panadol, pakiti za ORS, kipimajoto, na kipimo cha oksijeni tulichonunua wenyewe. Kipimo hicho nacho tunakiamini kwa kiasi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya aina hii hukosa kuona upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo tukiona 93 hatuiti 93 ushindi. Tunaangalia na mgonjwa mwenyewe: anahesabu pumzi ngapi kwa dakika, anaweza kumaliza sentensi bila kukatika, midomo yake ina rangi gani, amechanganyikiwa au la. Kuna namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku, na jina la hospitali ambayo tumeulizia mapema kama ina oksijeni. Tumekubaliana pia, wote tukiwa wazima, ni dalili zipi zikitokea hakuna tena ubishi wa kwenda hospitali. Mambo ya kukubaliana usiku wa manane na mtu mwenye 86 tuliyaona.

Ndani ya kifuniko cha boksi nimebandika karatasi yenye maswali mawili. La kwanza: nani ataingia chumbani? La pili: akitoka hapa, anarudi kwa nani? Hilo la pili ndilo sikuuliza. Nilikuwa namfikiria Shangazi kama mtu anayekuja, nikasahau kwamba ni mtu anayerudi.

Mwaka jana Mama alipata kikohozi kisichoisha. Dirisha lilifunguliwa siku ya kwanza, hata alipolalamika baridi. Kikohozi kilipofika wiki mbili tulimpeleka kupimwa makohozi, maana kikohozi cha wiki mbili kwetu lazima kiulizwe kama ni kifua kikuu, na matibabu ya kifua kikuu nchini hayana malipo. Majibu yalikuwa mazuri. Lakini kabla ya majibu nilikuwa nimeandika kwenye kundi la familia: Mama anakohoa, hatujajua ni nini, tunachukulia kwamba kinaambukiza, mwenye mtoto mchanga au mzee nyumbani asije kwanza, apige simu. Mjomba mmoja aliandika kwamba nimemdhalilisha mama yangu. Labda wengine walifikiri hivyo bila kuandika. Mama mwenyewe alinuna siku mbili, na sikuwa na jibu zuri la kumpa zaidi ya kukaa naye barazani, mbali kidogo, kila jioni.

Shangazi alipiga simu usiku ule ule.

"Ni kifua?" aliuliza.

"Ni kifua, Shangazi. Hatujapima bado."

"Haya. Nitakuja Jumamosi. Niwekee barakoa."